Blanketi la Mjerumani

Arusha, 10 Aprili 1983

Dada Germana,

Kama bahati ingekuwa ugonjwa, mimi leo ningekuwa nimelazwa wodini na daktari amekwisha kata tamaa.

Nimeanza na habari kabla ya salamu, nisamehe, ni furaha. Salamu hizi hapa: Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mama yetu Cresensia macho yanaendeleaje? Ule ukungu umepungua, au bado anamwamkia ndama akidhani ni katekista? Mimi ni mzima, tena mnene. Mashati ya mwaka jana nimewagawia watu wembamba.

Haya, bahati yenyewe. Unakumbuka mpaka wa Kenya ulivyofungwa, watalii wakakauka, wakatutimua wote kule lodji juu ya Kreta ya Ngorongoro. Wale niliokuwa naosha nao vyombo wamejaa hapa mjini, huyu anauza machungwa, yule anabeba mizigo sokoni. Mimi je? Mimi ni mpishi mkuu wa hoteli! Tena siyo hoteli ya chai na maandazi. Ghorofa, dada, lenye zulia mpaka mlango wa choo. Navaa kofia nyeupe ndefu, nikipita mlangoni nainama kama twiga. Meneja akitaka chumvi anabisha hodi.

Sasa juzijuzi alikuja mama mmoja wa Kijerumani, mume wake ana viwanda. Tumbo linamsumbua, kila sahani anairudisha. Nikasema niachieni mimi. Nikampikia uji wa ulezi, uleule aliotupikia Mama tukiumwa. Akanywa, akatoa machozi, akasema, "Patrisi, wewe ni zaidi ya daktari." Siku ya kuondoka akafungua sanduku lake akanipa blanketi. Blanketi la Ujerumani! La bluu, lina mistari myeupe, zito utadhani umebebeshwa kondoo. Huko kwao ndilo wanalojifunikia theluji ikianguka.

Nikajisemea, mgongo wangu huu wa mjini haulistahili. Mama analala kwenye baridi ya Karatu na kile kitambaa chake kilichobaki nyuzi. Nimemkabidhi utingo wa basi alilete. Mwambie Mama ajifunike, na mtu akimwuliza limetoka wapi, aseme limetoka Ujerumani kwa mkono wa mwanawe. Aseme kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Patrisi, Mpishi Mkuu


Karatu, 22 Mei 1983

Mdogo wangu Patrisi,

Milele amina. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, mgongo unamsumbua ila analima. Mvua zimekuwa nzuri, maharage yamekubali. Mtoto wa mwisho ameota meno, anang'ata kila mtu isipokuwa bibi yake.

Blanketi limefika. Mama alilipapasa lote kwa vidole, kona hadi kona, kama mtu anayemtambua mtoto wake. Kwenye pembe moja akasimama, akasema, "Hapa pameshonwa na mtu mwenye subira." Nikaangalia, kweli, pana kiraka kidogo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu mnene. Hivi Wajerumani wenye viwanda nao wanatia viraka? Nauliza tu.

Sasa ameshindikana. Analivaa asubuhi, analivaa jua kali. Anakaa mlangoni, akisikia hatua tu anaita, "Nani anapita? Njoo ushike blanketi la Ujerumani."

Habari nyingine si nzuri. Tunaibiwa. Wanakuja siku ya mnada au Jumapili watu wakiwa misani. Hawavunji mlango, wanatoboa ukuta wa nyuma, tope linaanguka bila kelele. Walianza kwa mwalimu, wakachukua jiko la mafuta ya taa. Wakaenda kwa mjane Marsela, huyu jirani yetu wa chini, mwezi wa tatu mwishoni, wakabeba sanduku la bati lile lenye jogoo aliyechorwa kwenye kifuniko, na nguo zote zilizokuwamo. Redio ya Raphaeli mwenye duka imekwenda. Na unajua hali ilivyo sasa, kitu kikiibwa hununui kingine, maana madukani hakuna. Hata viberiti hatuna. Asubuhi tunaombana kaa la moto nyumba kwa nyumba kama zamani.

Wanaume wanalinda kwa zamu na fimbo. Lakini fimbo ikishikwa inataka kazi. Siku ya mnada walimkamata Moloimet, yule Mmasai wa juu Ngorongoro aliyekuja kununua mahindi, si unajua tangu walipokatazwa kulima wanategemea ya kwetu. Alikuwa na sufuria mpya. Wakasema hiyo imeibwa. Walimpiga hadi mkono ukavunjika. Ndipo Raphaeli akatokea mbio, "Jamani, sufuria nimemwuzia mimi!" Hakuna aliyemwomba radhi. Walimrudishia sufuria yake tu, na imebonyea.

Basi watu hatuangaliani vizuri. Ukimsalimia mtu anakutazama mikono.

Dada yako,
Germana


Arusha, 19 Juni 1983

Dada Germana,

Salamu nyingi kama majani ya kahawa. Mimi afya tele. Huyo mng'ataji mwambie mjomba anamletea biskuti za hotelini, atafune hizo aache watu.

Habari ya Moloimet imeniuma, dada, nimeshindwa hata kula, na mimi kushindwa kula ujue ni jambo. Mwaka ule nilipopata homa kali kule Kreta, gari halipo, yeye ndiye alinibeba mgongoni kutoka kwenye maboma yao mpaka lodji, huku ananitukana kwamba mimi ni mzito kuliko mtamba. Nimetuma shati, liko ndani ya bahasha hii kubwa. Ni langu la Jumapili. Mkimwona mpeni, mwambieni ni yule rafiki yake mwosha vyombo, na kwamba waliompiga ni wajinga lakini si wote.

Kuhusu kiraka, sasa unashangaa nini? Mjerumani anatia kiraka hata kwenye tairi la ndege. Ndiyo maana wana mali.

Hilo sanduku la Marsela, una hakika lilikuwa na jogoo? Labda lilikuwa na ua. Masanduku ya jogoo yako mengi.

Kitu kimoja tu, dada. Mwambie Mama lile blanketi si la kuzunguka nalo. Ni la kulalia. Blanketi za Ulaya jua linaziua, na maji ndiyo kabisa, msilifue. Alitumie ndani. Mambo ya kuwaita wapita njia washikeshike, wana mikono michafu, aache. Nakuomba sana.

Patrisi, M.M.


Karatu, 14 Agosti 1983

Patrisi,

Salamu za nyumbani zipo. Watoto wana kikohozi, baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi umande umeganda kwenye nyasi. Ndama wa ile nyekundu amekufa. Shati la Moloimet alilichukua mwenyewe, alicheka, akasema limembana. Ila alilivaa palepale, kwa mkono mmoja.

Sasa keti chini usome.

Wizi haukukoma. Walitoboa kwa katekista, wakatoboa tena kwa Raphaeli. Mzee Martini, huyu mkubwa wa wazee wa upande wetu, akasema fimbo zimetuaibisha, tufanye lo'o kama walivyofanya babu zetu mwizi alipokuwa hajulikani. Yaani watu wote wakutane uwanjani, wamlaani huyo mtu kwa sauti moja, yeye na nyumba yake na kila anayefaidi alichoiba. Padre alikataza katika mahubiri. Watu walitoka misani wakaenda uwanjani moja kwa moja.

Nilimwambia Mama abaki. "Macho yako haya, utajikwaa."

Akasema, "Kwani nitalaani kwa macho? Nipe blanketi langu."

Nilimkumbusha kwamba ulisema lisitoke nje. Akasema, "Mwanangu anaogopa jua. Mimi nataka wanaotuibia waone kwamba kuna watoto wanaoleta, siyo wanaochukua tu."

Akasimama mbele ya wanawake wote. Mzee Martini alikuwa anatamka, sisi tunaitikia. Aliyetoboa ukuta, nyumba yake itoboke. Aliyekula cha mwenzake, mbegu yake isiote. Aliyejifunika cha mwenzake, baridi isimtoke mifupani. Patrisi, sauti ya Mama ilikuwa juu ya zote. Watu waligeuka kumtazama. Marsela alikuwa kando yetu, akamshika mkono kwa kumshukuru.

Baada ya hapo wiki mbili zilipita kimya. Blanketi lilikuwa limejaa vumbi la uwanjani. Nikalifua, nikalianika uani. Ndiyo, ulisema nisilifue. Marsela akapita na debe lake la maji. Akasimama. Akatua debe. Akaishika ile pembe.

"Germana, hili ni la nani?"

Mama akajibu kutoka ndani, "Langu! La Ujerumani! Lishike tu, usiogope."

Marsela akasema polepole, "Mama Cresensia, huu uzi niliuchomoa mimi kwenye gunia la mbegu. Marehemu mume wangu aliunguza hapa kwa kiko chake. Nilishona yeye akiwa kitandani, ananicheka. Alifia ndani ya hili blanketi."

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

Wazee walikuja. Mzee Martini alisema kwa upole, nakuandikia kama alivyosema: "Hatusemi mtoto wako ni mwizi. Tunasema kitu kimeingia hapa kwa mkono wake. Aje aseme kwa mdomo wake kimeingiaje. Kama alinunua njiani, aseme alinunua. Tutachinja kondoo, nyumba itaoshwa, yataisha. Ila mama hawezi kumsemea, wala dada."

Ilikuwa inatosha Mama aseme, labda alinunua. Lakini alisimama, akasema, "Hakununua. Alipewa na mama wa Kijerumani. Mwanangu ni mpishi mkuu, na mwanangu hasemi uongo."

Wazee wakatazamana. Patrisi, ungewaona walivyotazamana.

Nyumba yetu sasa imetengwa. Ndiyo ile metimani, umeisikia tangu utoto. Hatuingii kwa mtu, mtu haingii kwetu. Ng'ombe wetu wanachungwa peke yao. Maji tunachota wakimaliza wengine. Wewe ndiye mlango. Panda basi uje, useme neno moja, urudi kwenye kofia yako.

Germana


Arusha, 11 Septemba 1983

Dada mpendwa Germana,

Natumaini wazima. Kikohozi cha watoto wapeni asali na tangawizi, hata Wazungu siku hizi nawapa hivyo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikaunguza mchuzi wa watu. Kwanza nikuambie, hapa nimebanwa. Wakubwa kutoka Dar wanakuja kula, meneja ameshika mikono yangu miwili anasema Patrisi ukiondoka sasa tunafunga. Mwisho wa mwezi ndiyo nitapata nafasi, au ule unaofuata.

Pili, huo uzi. Hivi duniani ni Marsela peke yake ana uzi mwekundu? Labda marehemu mumewe alilipata kwa padre, na padre alilipata Ujerumani, wakawa ni mapacha, hili na lile. Mambo ya namna hiyo hutokea. Mwambie Mzee Martini kwamba mimi nimesafiri nimeona mengi.

Tatu, nyie kaeni imara. Mambo ya lo'o ni ya wazee, na huu ni mwaka themanini na tatu. Mama asiogope.

Nimeweka humu kipande cha sabuni ya hotelini. Mama aoge anukie.

Nakuja.
Patrisi


Karatu, 9 Oktoba 1983

Patrisi,

Sisi tupo.

Sabuni imefika. Nimeijua harufu yake, ni ile ya kipande ya sokoni. Mama anainusa kila siku, anasema kweli mahali ulipo ni pasafi.

Nakueleza jinsi tunavyokaa. Moto ukizimika hatuna wa kumwomba kaa. Shemeji yako huwa anaulinda kama mgonjwa. Juzi mvua ilivuja ukazimika, tukakaa hivyo mpaka kesho yake alipokwenda kuokota kaa kwenye tanuri la matofali la misheni. Alilibeba kwenye kigae, watu wanamwona, hakuna anayemsemesha. Watoto shuleni wanakaa benchi lao.

Blanketi Mama amelivua siku ileile wazee walipokuja. Alilikunja akaliweka juu ya boriti. Kulirudisha hatuwezi, maana anayelirudisha ni aliyelileta. Kujifunika hataki. Nilimwambia, Mama, usiku huu wa baridi jifunike tu, nani atakuona? Akasema, "Nililaani kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimelivaa. Mpaka mwanangu aje aniondolee." Kile kitambaa chake cha zamani nilikuwa nimeshakichana vitambaa vya mtoto, kwa sababu tulikuwa na la Ujerumani. Nimempa khanga zangu. Khanga si kitu kwa baridi hii.

Jambo la mwisho. Yohana, mume wa binamu yetu, alikwenda Arusha kutibiwa jino. Aliporudi alisimama nje ya ua wetu akasema kwa sauti, mbele ya Mama, kwamba amemwona mtu anafanana nawe sana anavuta mkokoteni wa viazi karibu na stendi, miguu mitupu. Alikuita jina, yule mtu akakaza mwendo.

Nikamwambia Yohana, wewe ulikuwa na jino linauma, ungemtambua nani. Mama akacheka. Akasema, "Mkokoteni! Mpishi mkuu!"

Mdogo wangu, sikuulizi wewe ni nani huko. Ukiwa mfalme njoo, ukiwa mchukuzi njoo. Nauliza ni siku gani.

Germana


Karatu, 20 Novemba 1983

Patrisi,

Hujajibu.

Mama ana homa ya mapafu, ndivyo alivyosema mganga wa zahanati. Alitupa sindano moja, nyingine hana.

Mtu mmoja tu anaingia kwetu, Moloimet. Mara ya kwanza nilimzuia getini, nikamweleza kuna laana humu. Akauliza, "Walionivunja mkono ndio walioilaani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hiyo ni ya kwao, mimi hainijui." Akaingia na kibuyu cha maziwa, akakaa chini karibu na Mama. Akiwa na lile shati lako. Mama akamwuliza, "Wewe ni mwanangu Patrisi?" Akamjibu, "Hapana, yeye ni mzito kuliko mimi." Mama alicheka mpaka akakohoa.

Jana alirudi na ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta, ile wanayolalia wazee wao. Amemfunika nayo.

Njoo.

G.


Arusha, 4 Desemba 1983

Dada yangu na watu wote wa nyumbani,

Heri ya Noeli inayokuja! Nilichelewa kujibu kwa sababu ya wingi wa kazi, hoteli imefurika tangu waseme mpaka wa Kenya unafunguliwa.

Andaeni kuku. Nakuja Noeli! Nimekwisha omba ruhusa, meneja amekubali, ameniambia nichukue hata gari la hoteli nikitaka, nikasema hapana, basi linanitosha, mimi sijikwezi. Nitamletea Mama keki iliyoandikwa jina lake kwa sukari. Na hayo ya wazee nitayamaliza mara moja, nitawaeleza jinsi yule mama wa Kijerumani alivyokuwa, mpaka nywele zake, wataelewa tu. Mwambie Mama asiingiwe na wasiwasi, ale maziwa, anenepe, mwanawe anakuja na bahati yake yote.

Yule Yohana mwambie akanunue miwani.

Patrisi


Karatu, 20 Desemba 1983

Patrisi,

Barua yako ya Noeli imefika jana. Mama alifariki tarehe mbili, siku mbili kabla hujaiandika.

Simu ya maandishi hatukuweza kupiga. Wa kwenda posta kutusaidia hakuwapo, na mimi nilikuwa siwezi kumwacha.

Alikufa asubuhi, moto ukiwa unawaka. Nataka ujue kwamba moto ulikuwa unawaka. Alisema anasikia baridi ndani ya mifupa. Nilimwongezea ile ngozi, nikajilaza juu yake mimi mwenyewe na watoto, bado akasema baridi. Halafu akauliza kama ni gari lako linaunguruma. Lilikuwa lori la mahindi. Nikamwambia ndiyo, Mama, ni yeye.

Tulimzika sisi. Shemeji yako alichimba, na katekista akaja kusali ingawa wazee walimkataza. Moloimet kwao hawagusi mambo ya kaburi, alisimama mbali kwenye ua, na mkono wake uliopinda, hadi tukamaliza. Majirani walikuwa kwenye milango yao. Niliwaona wanawake wanalia na hakuna aliyevuka. Sisi tuliozaliwa nao.

Sasa sikiliza hili. Jumapili iliyopita wametoboa tena. Nyumba ya Mzee Martini mwenyewe. Wamechukua mablanketi mawili na joho lake la wazee.

Mji mzima umenyamaza, Patrisi. Hakuna anayesema kitu dukani. Walikuwa wameanza kusema lo'o imemwona mwizi, wizi umekoma, na aliyekufa amekufa. Marsela alikuja jioni, akawa wa kwanza kuvuka ua, akapiga magoti kaburini. Akasema kwa kilio, "Mama Cresensia, lichukue, nimekupa, lilikuwa lako, lichukue." Lakini kusema kwake hakutoshi, na yeye anajua. Blanketi bado liko juu ya boriti. Hakuna wa kuligusa. Mzee Martini alikuja naye, akasema, "Sisi tulikosea pa kutupia, lakini lililotoka mdomoni halirudi lenyewe. Watoto wamo humu ndani. Mwite ndugu yako."

Mtoto wa mwisho ameanza kukohoa. Yule mng'ataji.

Sitaandika tena.

Germana


Arusha, 8 Januari 1984

Dada Germana,

Tumsifu Yesu Kristo. Siulizi hali.

Barua yako niliipata usiku wa kuamkia Noeli kwa Mhindi ambaye huwa nambebea mizigo, sanduku la posta ni lake. Alinisomea mwanzo kwa sababu mikono yangu ilikuwa na matope. Akaacha kusoma akanipa kiti. Sijawahi kupewa kiti katika duka lile.

Nimekaa siku nyingi na kalamu. Nimezoea kuandika vitu vinavyokwenda vyenyewe, hivi haviendi.

Mwezi wa kumi nilipata ile barua yako ya moto na ya Yohana. Nilikuja, dada. Niliazima viatu, nikapanda basi. Tulipofika Mto wa Mbu basi likasimama watu wanunue ndizi, wakapanda wanawake wawili wa kwetu waliokuwa wametoka kuuza vitunguu. Wakakaa mbele yangu, hawakuniona. Mmoja akasema, "Yule kipofu bado anasema mwanawe anawapikia Wajerumani." Mwenzake akacheka mpaka akashika kiti. Ule mlima wa kupanda kuja Karatu ulikuwa uko mbele yetu, nauona kwenye kioo. Nikashuka. Nikasema nitangoja mpaka nitakapokuwa na cha kuwaonyesha. Nilirudi nusu ya njia kwa miguu, nimebeba vile viatu visichakae kwa sababu si vyangu.

Mama alikuwa anaona baridi wakati huo, na mimi nilikuwa natunza viatu vya mtu.

Sasa nakueleza lilivyoingia, kama Mzee Martini alivyotaka, ukawasomee wazee kabla sijafika, kwa sababu naogopa kwamba nikisimama mbele yao mdomo wangu utaanza kupamba. Unaujua.

Nililinunua chini, pembeni ya soko. Mtu mmoja nisiyemjua alikuwa ametandika vitu kwenye gunia, anavitoa haraka kabla mgambo hawajapita. Nilijua vitu vinavyouzwa namna ile vimetoka wapi. Kila mtu pale sokoni anajua. Nilikuwa nimemwota Mama na kile kitambaa chake cha nyuzi, na pesa ya mizigo ya wiki ilikuwa mkononi. Nikalinunua. Pembeni ya blanketi palikuwa na sanduku la bati, na juu ya kifuniko palikuwa na jogoo.

Kwa hiyo nilijua tangu barua yako ya Mei. Ndiyo maana nilisema msilifue. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja: rudisheni, ni la Marsela, nimelinunua sokoni. Mstari mmoja. Lakini ningeliandika hivyo, ungeuliza mpishi mkuu anafanya nini kwenye magunia ya wezi. Nikaona heri blanketi likae ndani.

Barua hii nampa utingo wa basi la kesho, mimi nakuja Alhamisi na lori la chumvi. Sina keki. Sitapitia njia ya nyuma, nitashukia pale sokoni Karatu mchana watu wakiwa wamejaa, nitatembea hadi nyumbani katikati ya barabara, miguu mitupu kama ninavyotembea huku. Anayetaka kucheka acheke. Nitalishusha blanketi mimi, nitalibeba mpaka kwa Marsela mimi. Huyo mtoto mwambie mjomba anakuja kumtolea kikohozi, na mkiweza mwiteni Moloimet awepo, nataka awepo mtu mmoja ninayeweza kumtazama.

Usiwasomee wazee mambo ya viatu. Wasomee haya ya mwisho tu, kwa sauti, kama alivyokuwa anasema Mama.

Hakukuwa na Mjerumani. Sijawahi kuwa mpishi wa hoteli yoyote. Mimi navuta mkokoteni, tangu siku ile waliponitimua kule Kreta, na ile bahati niliyowaandikia ilikuwa uongo.

Patrisi